Masizi Yatoayo Mwanga

Bila shaka umewahi kuona kibatari au mshumaa ukiwaka usiku. Kibatari kikiwaka karibu na ukuta, asubuhi utakuta alama nyeusi ukutani. Weusi huo ndio masizi. Masizi hushika pia chini ya sufuria na vyungu, na katika dari la jiko la kuni. Watu wengi huyaona masizi kuwa ni uchafu tu. Huyasugua kwa majivu na mchanga, kisha huyamwaga.

Lakini masizi ya mshumaa yakisafishwa kwa njia maalumu, hutupa chembe ndogo mno zenye tabia ya ajabu. Chembe hizo zikimulikwa kwa taa inayofaa hutoa mwanga wa buluu, wa kijani, wa njano, hata mwekundu. Wanasayansi huziita nukta za kaboni. Siku hizi wanazitumia kuchungulia ndani ya seli za viumbe, kupima maji, na kujaribu kuikuza mimea vizuri zaidi.

Katika somo hili tutajifunza nukta za kaboni ni nini, jinsi zinavyotengenezwa, na kazi zake. Tutajifunza pia kwa nini kitu kinachofaa hakina budi kutumiwa kwa kipimo.

KABONI NI NINI?

Kaboni ni elementi, yaani kitu kilichofanyizwa kwa atomu za aina moja. Makaa tunayopikia ni kaboni kwa sehemu kubwa. Masizi vilevile. Ile sehemu ya penseli iandikayo ina kaboni iitwayo grafiti. Almasi zinazochimbwa Mwadui katika Mkoa wa Shinyanga nazo ni kaboni.

Almasi ni ngumu na hupitisha mwanga. Grafiti ni laini na nyeusi. Tofauti yake yatoka wapi, ikiwa zote mbili ni kaboni? Hutoka katika jinsi atomu zilivyopangwa. Matofali yale yale yaweza kujenga nyumba au kisima.

Kaboni imo pia ndani ya viumbe vyote na ndani ya vyakula vyetu, ikiwa imeungana na elementi nyingine. Mama anapounguza sukari kikaangoni, sukari nyeupe hugeuka nyeusi. Maji yaliyokuwa yamefungamana ndani yake yametoka, na kaboni imebaki.

UDOGO WA NUKTA ZA KABONI

Chukua rula yako. Nafasi kati ya vistari viwili vidogo vilivyo karibu ni milimita moja. Sasa fikiri kwamba milimita hiyo imegawanywa katika sehemu milioni moja zilizo sawa. Kila sehemu moja huitwa nanometa.

Nukta nyingi za kaboni hazizidi upana wa nanometa 10. Unywele mmoja wa mtu una unene wa nanometa 80,000 hivi. Basi nukta zenye upana wa nanometa 8 zikipangwa mstari mmoja, itabidi ziwe 10,000 ili kuvuka unywele mmoja tu.

Je, kitu kikiwa kidogo hivyo hubadilika tabia? Fanya jaribio lifuatalo.

Jaribio la 1: Kukata muhogo

Vifaa: kipande cha muhogo mbichi, kisu na rula.

1. Ukiwa pamoja na mwalimu wako, kata muhogo upate mchemraba wenye urefu, upana na kimo cha sentimita 2.
2. Hesabu nyuso zake. Ziko 6. Kila uso una eneo la sentimita za mraba 4. Kwa hiyo eneo la nyuso zote ni sentimita za mraba 24.
3. Sasa ukate mchemraba huo katika michemraba midogo 8, kila mmoja ukiwa na upande wa sentimita 1.
4. Kila mchemraba mdogo una eneo la sentimita za mraba 6. Michemraba yote 8 ina jumla ya sentimita za mraba 48.

Umeona nini? Muhogo haukuongezeka hata kidogo, lakini eneo la nyuso zake limekuwa maradufu. Sehemu iliyokuwa imefichika ndani sasa iko nje.

Hali ni hiyo hiyo kwa kaboni. Katika kipande cha mkaa, atomu nyingi zimefichika ndani. Katika nukta ya kaboni, sehemu kubwa ya atomu ziko juu ya uso wake au karibu nao. Huko hukutana na maji, na mwanga, na kemikali nyingine. Udogo wa nukta na hali ya uso wake ndivyo vinavyoipa uwezo wa kutoa mwanga. Kumbuka jambo hili, kwa maana tutalirudia mara nyingi.

KUNG'AA BILA MOTO

Mwali wa mshumaa una rangi ya njano. Rangi hiyo hutokana na chembe za masizi zilizomo ndani ya mwali. Chembe hizo zina joto kali, nazo hung'aa kama chuma kinavyong'aa katika tanuri la mhunzi. Huo ni mwanga wa joto.

Mwanga wa nukta za kaboni ni wa namna nyingine. Chupa yenye nukta hizo ikiwa inang'aa, unaweza kuishika kwa mkono bila kuungua. Yawezekanaje?

Huenda umemwona mwenye duka au karani wa benki akiipitisha noti chini ya taa yenye mwanga wa zambarau. Mara alama fulani katika noti hung'aa, ijapokuwa mchana hazionekani kabisa. Taa hiyo hutoa mwanga ambao macho yetu hayauoni. Katika upinde wa mvua, rangi ya mwisho upande mmoja ni urujuani. Ng'ambo ya urujuani kuna mwanga mwingine tusioweza kuuona. Jua nalo hutoa mwanga huo. Ndio unaoidhuru sana ngozi ya wenzetu wenye ualbino, nao hujikinga kwa kofia pana na nguo ndefu.

Vitu vingine vina uwezo wa kuumeza mwanga huo usioonekana, kisha kutoa mwanga unaoonekana. Tabia hii huitwa fluoresensi. Mwanasayansi George Stokes wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, aliieleza mwaka 1852. Alitumia maji yaliyotiwa kwinini, ile dawa ya malaria itokayo katika magome ya mti. Alionyesha kwamba maji hayo yalimeza mwanga usioonekana na kutoa mwanga wa buluu.

Ili kuelewa, fikiri mtoto anayepanda ngazi. Kila atomu ina elektroni. Mwanga ukiipiga, elektroni hupata nishati na kupanda ngazi juu. Haiwezi kukaa huko. Hushuka kwanza vidaraja vidogo, na hapo hupoteza nishati kidogo kama joto. Kisha huruka hadi chini kwa mara moja, na nishati iliyobaki hutoka kama mwanga. Kwa kuwa nishati imepungua njiani, mwanga unaotoka si ule ulioingia. Ulioingia ni wa ng'ambo ya urujuani, unaotoka ni wa buluu, kijani au mwekundu.

Usichanganye jambo hili na kimulimuli. Kimulimuli hutengeneza mwanga wake mwenyewe kwa kemikali zilizo mwilini mwake. Nukta za kaboni hazina mwanga wa akiba. Ukizima taa, nazo huzima mara moja.

JINSI ZILIVYOGUNDULIWA

Nukta za kaboni ziligunduliwa na watu waliokuwa wakitafuta kitu kingine. Mwaka 2004, watafiti katika Chuo Kikuu cha South Carolina, Marekani, walikuwa wakisafisha vijibomba vidogo mno vya kaboni. Vijibomba hivyo vilikuwa vimechanganyika na masizi yaliyotokana na cheche kali za umeme. Ili kuvitenganisha, waliyapitisha masizi ndani ya jeli kwa kuyavuta kwa umeme. Chembe ndogo hupenya haraka, chembe kubwa hubaki nyuma. Walipoimulika jeli ile, waliona vitu vinavyong'aa kwa rangi mbalimbali. Wangeweza kuvitupa kuwa ni uchafu. Lakini walivichunguza, wakatangaza habari yake.

Mwaka 2006, Ya-Ping Sun na wenzake wa Chuo Kikuu cha Clemson, pia huko Marekani, walipiga kaboni kwa miali ya leza wakapata chembe ndogo. Mwanzoni chembe zao hazikung'aa. Walipozifunika uso kwa kemikali inayofanana na plastiki, zikaanza kung'aa vizuri. Hao ndio walioziita nukta za kaboni. Tazama tena jinsi hali ya uso ilivyo muhimu.

Mwaka 2007, Chengde Mao na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue walitumia kitu rahisi zaidi: masizi ya mshumaa. Walikusanya masizi ya mshumaa unaowaka. Kisha waliyachemsha kwa muda wa saa 12 katika tindikali ya naitriki. Walipozitenganisha chembe ndani ya jeli, zile zilizokwenda haraka zilitoa mwanga wa urujuani na buluu, na zile zilizokwenda polepole zilitoa mwanga wa njano na mwekundu.

Kwa nini walitumia tindikali? Jaribio hili litakusaidia kujibu.

Jaribio la 2: Masizi na maji

Vifaa: mshumaa, kijiko cha chuma, kitambaa kinene, glasi ya maji. Fanya jaribio hili mbele ya mwalimu. Usilifanye peke yako.

1. Shika mpini wa kijiko kwa kitambaa. Weka tumbo la kijiko ndani ya ncha ya mwali wa mshumaa kwa muda mfupi.
2. Utaona kijiko kimefunikwa na masizi. Kiache kipoe.
3. Kwangua masizi hayo yaanguke juu ya maji. Koroga.

Utaona kwamba masizi huelea na kushikana pembeni. Hayataki kuchanganyika na maji. Tindikali huibadilisha hali ya uso wa chembe. Huweka juu yake atomu za oksijeni, na sehemu hizo hupendana na maji. Chembe zikisha kubadilika hivyo huenea ndani ya maji yote. Kitu kisichoweza kuenea katika maji hakiwezi kutumika ndani ya seli wala ndani ya mmea, kwa sababu viumbe hai vina maji mengi.

Tindikali ya naitriki ni kali mno. Huunguza ngozi na kupofusha macho. Kazi hiyo hufanywa katika maabara tu, na watu waliofunzwa.

KUTENGENEZA NUKTA SIKU HIZI

Kuna njia kuu mbili. Njia ya kwanza ni kuvunja kitu kikubwa mpaka kiwe chembe, kama tunavyosaga mahindi yawe unga. Njia ya leza na ya masizi ya mshumaa ni za namna hii. Njia ya pili ni kuunganisha vitu vidogo mpaka viwe chembe, kama mchwa wanavyojenga kichuguu kwa vipande vidogo vya udongo. Njia ya pili ndiyo inayotumika sana sasa, kwa sababu ni rahisi na hutoa nukta nyingi.

Malighafi yake hukushangaza. Mwaka 2012 watafiti wa India walieleza jinsi walivyotengeneza nukta za kaboni kutokana na maji ya machungwa. Wengine wametumia sukari, maganda ya matunda na majani. Wengi hutumia tindikali ya limau, ile inayofanya malimau na ndimu kuwa chachu. Vitu vyote hivi vina kaboni.

Hatua za kazi ni hizi:

1. Tindikali ya limau huyeyushwa katika maji. Aghalabu huongezwa kemikali yenye naitrojeni, kama vile yurea.
2. Mchanganyiko hutiwa katika chombo cha chuma kinachofungwa kabisa ili mvuke usitoke.
3. Chombo huwekwa katika tanuri kwa saa kadhaa. Joto laweza kufika nyuzi 200 za Sentigredi. Ndani yake molekuli hupoteza maji, hushikana, na kuwa chembe za kaboni.
4. Chombo kikisha kupoa, hufunguliwa. Maji yaliyokuwa meupe sasa yana rangi ya kahawia kama chai.
5. Maji hayo huzungushwa kwa kasi katika mashine ili chembe kubwa zitue chini. Kisha huchujwa. Mwisho hutiwa katika mfuko wa utando wenye matundu madogo mno, ili mabaki ya kemikali yatoke na nukta zibaki.

Hatua ya tano haiwezi kurukwa. Ikirukwa, mtafiti hatajua kama mwanga anaouona unatoka katika nukta au katika mabaki ya kemikali.

Naitrojeni nayo ina kazi kubwa. Nukta za kwanza za masizi ya mshumaa zilikuwa hafifu. Katika kila chembe 100 za mwanga zilizomezwa, hazikufika 2 zilizorudishwa. Mwaka 2013 watafiti wa China walitumia tindikali ya limau na kemikali yenye naitrojeni, wakapata nukta zilizorudisha karibu 80 katika kila 100.

KAZI KATIKA ELIMU YA VIUMBE

Unajua kwamba miili ya viumbe imejengwa kwa seli. Seli ni ndogo sana, nayo hupitisha mwanga, ndiyo maana ni vigumu kuona sehemu zake hata kwa hadubini. Kwa hiyo wanasayansi huzitia rangi. Lakini rangi nyingi zinazong'aa hufifia upesi zikimulikwa kwa muda mrefu.

Kabla ya nukta za kaboni kulikuwa na nukta nyingine za madini zinazong'aa sana. Wanasayansi watatu, Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023 kwa kazi yao juu ya nukta za namna hiyo. Lakini nyingi katika hizo zina kadimiamu, nayo ni metali yenye sumu. Nukta za kaboni hazina metali hiyo. Hii ndiyo sababu watafiti wa elimu ya viumbe walizipokea kwa furaha.

Mwaka 2007 watafiti wa Clemson waliziweka nukta za kaboni pamoja na seli za saratani ya titi zilizokuzwa maabarani. Katika joto la mwili wa binadamu, nukta ziliingia ndani ya seli, na seli ziling'aa chini ya hadubini. Lakini seli zilipowekwa katika baridi ya nyuzi 4 za Sentigredi, nukta hazikuingia. Hapo tunajifunza kwamba nukta hazijipenyezi tu kama maji yapitavyo katika kitambaa. Seli yenyewe, ikiwa katika joto lake la kawaida, ndiyo inayozimeza.

Nukta hizi hutumika pia kupima maji. Zebaki ni metali yenye sumu. Baadhi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama wale wa Mkoa wa Geita, huitumia kunasa dhahabu. Zebaki ikiingia mtoni huingia katika samaki, na kutoka kwa samaki huingia katika miili ya watu. Maji yenye zebaki yaweza kuonekana safi kabisa. Ziko nukta za kaboni ambazo mwanga wake hufifia zinapokutana na zebaki. Mtafiti hutia nukta hizo katika maji, huyamulika, na kupima mwanga. Mwanga ukififia, hushuku kuwa kuna zebaki. Lakini lazima ahakikishe, kwa kuwa chuma kilichoyeyuka majini nacho chaweza kufifisha mwanga wa nukta za aina fulani.

KAZI KATIKA KILIMO

Kwanza, nukta za kaboni hutuonyesha njia ya maji ndani ya mmea. Jaribio lifuatalo litakuonyesha jambo linalofanana na hilo.

Jaribio la 3: Njia ya maji katika shina

1. Chukua shina changa la mchicha lenye majani. Likate chini kwa kisu kikali.
2. Lisimamishe katika glasi yenye maji yaliyotiwa wino mwekundu. Liache mpaka kesho yake.
3. Kata shina hilo katikati. Chunguza sehemu iliyokatwa.

Utaona madoa mekundu. Hayo ni mirija ipandishayo maji. Watafiti hufanya hivyo hivyo kwa nukta za kaboni. Huzitia katika maji ya mizizi, kisha humulika shina na majani. Wamezikuta nukta zimepanda kutoka mizizini hadi majanini.

Pili, nukta zaweza kuusaidia mmea kutumia mwanga wa jua. Jani hutengeneza chakula kwa njia ya usanidimwanga. Ukijani wa jani hutumia zaidi mwanga mwekundu na wa buluu. Mwanga wa ng'ambo ya urujuani haulifai sana, na ukizidi hulidhuru. Sasa kumbuka kazi ya nukta za kaboni. Humeza mwanga wa ng'ambo ya urujuani na kutoa mwanga wa buluu au mwekundu. Ni kama mtu anayekuletea fedha za nchi nyingine zilizokwisha kubadilishwa, ili uweze kununua chakula dukani.

Mwaka 2018 watafiti wa China walieleza majaribio yao juu ya choroko. Machipukizi yaliyopewa nukta kwa kipimo kinachofaa yalikua zaidi na kufanya usanidimwanga zaidi kuliko yale yaliyopewa maji matupu. Mwaka huo huo walieleza pia majaribio ya mpunga, ambamo mavuno yaliongezeka kwa asilimia 15 hivi.

Angalia walivyofanya kazi. Walikuwa na mimea iliyopewa nukta na mimea isiyopewa. Mimea isiyopewa huitwa mimea ya kulinganishia. Bila mimea hiyo, mtu hawezi kujua kama choroko zimekua kwa sababu ya nukta, au kwa sababu ya mvua na udongo mzuri.

KIPIMO NI KITU GANI?

Je, kama nukta kidogo ni nzuri, nukta nyingi si nzuri zaidi? La. Mwaka 2016 watafiti walitangaza majaribio juu ya mahindi. Kwa kipimo cha miligramu 500 katika kila lita ya maji, hawakuona madhara katika mimea. Walipoongeza hadi miligramu 1,000, uzito wa mizizi na wa mashina ulipungua sana. Nukta zile zile zisizodhuru kwa kiasi kidogo zilidumaza mimea zilipozidi.

Chumvi kidogo hukoleza mchuzi, lakini chumvi nyingi huuharibu. Mbolea nayo ni hivyo hivyo. Kitu chochote kinachoweza kubadilisha maisha ya kiumbe chaweza pia kuyadhuru.

Kuna mambo mengine yanayochunguzwa bado. Nukta zikitumika shambani kwa miaka mingi, zitaathiri vipi minyoo na viumbe vidogo vya udongoni? Nukta za kila maabara zinatofautiana kwa ukubwa na kwa hali ya uso. Kwa hiyo zilizofaa choroko katika maabara moja huenda zisifae maharage katika shamba lako. Kila aina haina budi kupimwa peke yake.

Siku moja huenda mtu akaja kijijini na chupa ya maji yanayong'aa, akisema kwamba yatakuza mahindi maradufu. Wewe uliyejifunza somo hili usimdhihaki, wala usikimbilie kumwamini. Muulize: Yamejaribiwa katika mmea gani? Kwa kipimo gani? Mimea ya kulinganishia ilikuwa wapi? Mkulima anayetumia akiba ya mwaka mzima kununua dawa isiyopimwa aweza kukosa fedha na mavuno pia. Maswali hayo matatu yaweza kumwokoa.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Nukta za kaboni ni chembe za kaboni ambazo kwa kawaida hazizidi upana wa nanometa 10.
2. Humeza mwanga wa ng'ambo ya urujuani na kutoa mwanga unaoonekana. Tabia hii huitwa fluoresensi.
3. Mwanga wake hutegemea udogo wa nukta na hali ya uso wake.
4. Zaweza kutengenezwa kwa masizi, maji ya machungwa, tindikali ya limau na vitu vingine vyenye kaboni.
5. Hutumika kuonyesha seli, kupima maji, na kujaribu kusaidia mimea.
6. Kipimo kikizidi, nukta zaweza kuidhuru mimea.

MASWALI

1. Taja vitu vitatu vyenye kaboni vinavyopatikana nyumbani kwenu.
2. Mchemraba wenye upande wa sentimita 3 una eneo gani la nyuso zote? Ukikatwa katika michemraba 27 yenye upande wa sentimita 1, eneo litakuwa kiasi gani?
3. Eleza tofauti kati ya mwanga wa mshumaa, mwanga wa kimulimuli na mwanga wa nukta za kaboni.
4. Kwa nini masizi ya kawaida huelea juu ya maji? Tindikali huyabadilisha vipi?
5. Watafiti wa mwaka 2004 walikuwa wakitafuta nini? Tunajifunza nini kutokana na kazi yao?
6. Maji ya kisima yalifanya nukta za kaboni zififie. Je, ni lazima kuwa yana zebaki? Toa sababu.
7. Darasa lenu limepewa mbegu 40 za choroko na mbolea mpya. Andika jinsi mtakavyopanga jaribio ili kujua kama mbolea hiyo inafaa, na ni kipimo gani kilicho bora. Ni mambo gani mtakayoyafanya yawe sawa kwa mimea yote?